Viatu Visivyorudi

Zamani mtu alivaa kiatu mpaka kiatu kikamzoea, kikajua kidole chake chenye sugu na upande anaoegemea akichoka. Siku hizi anakitupa kabla hakijajua hata njia ya nyumbani kwake.

Bwana Soli alizikuta nyakati zote mbili. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu mtu akimsalimia, macho yake yalikuwa yameshashuka chini, anaitikia huku anakagua soli. Alikuwa na karakana ya viatu iliyotazama barabara, chumba kimoja kirefu chenye dirisha pana mbele na jingine dogo nyuma ambalo halikufunguka tena tangu lipakwe rangi. Ndani mlinukia ngozi, gundi na chai iliyosahauliwa. Ukutani ilining'inia miguu ya mbao, ile ambayo ngozi huvutwa juu yake ili ipate umbo la mguu wa mtu, na watoto waliopita na mama zao waliambiwa kuwa ndiyo miguu ya wale wasiosikia la mkubwa.

Humo walifanya kazi watu watatu. Yeye mwenyewe alikata ngozi na kupokea wateja. Kwenye meza ya dirishani aliketi Shemeji, dada mkubwa wa mkewe, mjane mnene mwenye vidole vyembamba usivyovitarajia. Alishona soli kwa mkono, uzi mmoja wa nta na sindano mbili, moja ikiingia huku nyingine ikitoka, na kila pindi akaukaza uzi mpaka ngozi ikalia. Meza ya nyuma ilikuwa ya Radi, mwanamume wa makamo aliyepewa jina hilo kwa ajili ya kelele za nyundo yake. Radi hakushona soli. Alizipaka gundi, akazibandika, akazigonga, akazibana, na kufikia adhuhuri jozi zilikuwa zimejipanga mbele yake kama watoto wa shule. Shemeji mpaka jioni alikuwa na jozi moja, na siku nyingine hata hiyo moja ilikuwa na kiatu kimoja.

"Radi," Shemeji alimwuliza, "hivyo viatu vilikukosea nini hata unavipiga hivyo?"

"Hii ndiyo kasi, Mama. Wewe unashona kama unamwandikia mtu barua ya mapenzi."

"Ndiyo maana zangu zinajibiwa."

Basi wakacheka, na Bwana Soli akacheka nao, kwa kuwa karakana ilikuwa bado inaweza kucheka.

Mambo yote ya biashara Bwana Soli aliyaendesha kwa moyo. "Moyo wangu unaniambia," alisema, na moyo wake ulikuwa msemaji kweli kweli. Ulimwambia anunue ngozi nyekundu kwa ajili ya viatu vya kina mama, na ngozi hiyo ikakaa juu ya kabati mpaka ikashika rangi ya matofali ya zamani, na kuhusu jambo hilo moyo haukusema tena. Ulimwambia mvua ikinyesha hakuna mteja atakayetoka nyumbani, kwa hiyo mawingu yakikusanyika tu, yeye anafunga.

Aliyemtia mashakani ni binti yake wa mwisho, aliyekuwa bado anaishi nyumbani. Mchana alifanya kazi kwenye ghala la vigae, jioni alikwenda chuoni kusomea uendeshaji wa biashara, na kutoka huko alirudi na swali moja ambalo baba yake alilichukia kama jiwe ndani ya wali.

"Mwaka huu watu wanataka viatu vyeusi," Bwana Soli alisema mezani.

"Umejuaje, Baba?"

"Nimejua."

"Umeona nini mpaka ukajua?"

"Mwanangu, nimeshika viatu tangu mama yako ana kiuno."

"Nimeshakusikia," alisema mkewe kutoka jikoni.

Lakini Bwana Soli alikuwa mtu aliyejifundisha kusoma sawasawa kwa kunyoosha magazeti yaliyofungiwa ngozi, na mtu wa namna hiyo anaweza kukasirishwa na swali, ila hawezi kulitupa. Msimu wa mvua ulipofika, alifanya kama binti alivyomwomba, aache mlango wazi ajionee. Mawingu yalikusanyika, hakufunga. Akakaa mlangoni kushuhudia barabara ikiwa tupu. Barabara haikuwa tupu. Watu walikuja wakirukaruka madimbwi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi kimefungua mdomo kama samaki. Siku ya pili hivyo hivyo, na wiki iliyofuata hivyo hivyo. Kumbe miaka yote hiyo mvua ilikuwa inampigia debe, na yeye anawafungia mlango.

Tangu hapo akawa kama mtu aliyeingia dini mpya. Hakumwacha mtu apite na maneno yake. Radi akisema kuna joto, anaulizwa amejuaje. Mkewe alipotangaza kwamba chumvi imekwisha, akaulizwa ushahidi uko wapi.

"Onja mchuzi," alisema mkewe.

Hapo ndipo yakaja yale maduka ya viatu vilivyotoka kiwandani vikiwa tayari ndani ya maboksi, viatu vinavyong'aa kama vimelambwa. Moja lilifunguliwa ng'ambo ya barabara, likaweka spika mlangoni, na kuanzia asubuhi likawa linapiga kelele za bei. Watu wale wale waliokuwa wakipimwa miguu yao kwa kamba, wakikaa kwenye benchi na kuulizwa habari za nyumbani, sasa walivuka kwenda kule, wakachukua boksi, wakaondoka bila hata kuketi. Kazi ya viatu vipya ilipungua mpaka Bwana Soli akaona wazi kwamba karakana haiwezi tena kubeba mafundi wawili. Mmoja lazima aondoke.

Moyo ulimwambia haraka haraka: Shemeji abaki. Na kwa sababu uliharakisha, hakuuamini. Moyo ule ule wa ngozi nyekundu. Isitoshe Shemeji ni ndugu wa mkewe, na mtu atakayepima mizani huku ameweka kidole juu yake si mfanyabiashara. Alitaka ushahidi.

Akachukua makreti mawili ya soda, akayaweka chini ya dirisha. Kiatu chochote kilichotengenezwa hapo kikirudi, kinaingia kwenye kreti la fundi wake. Kumjua fundi hakukuwa na taabu: penye uzi ni Shemeji, penye gundi ni Radi. Fundi ambaye viatu vyake vinarudi zaidi, huyo ndiye dhaifu. Bwana Soli aliifurahia hesabu hiyo kwa jinsi ilivyokuwa safi. Haikuwa na shemeji wala jirani ndani yake.

Wiki zikapita. Kreti la Shemeji likajaa, likafurika, viatu vikaanza kukaa juu ya viatu. Kreti la Radi lilikuwa na kandambili moja na mwavuli wa Radi mwenyewe.

"Shemeji," alisema Shemeji akikata uzi kwa meno, "hilo kreti langu mbona linakula kuliko mwenzake?"

"Ni mambo ya biashara."

"Sawa. Likishiba uniambie."

Bwana Soli hakucheka. Shemeji akarudi kwenye kiatu chake.

Siku ya mapumziko binti yake alipita kumletea chakula, akayaona makreti, akachuchumaa.

"Baba, hivi vimerudi kwa nini?"

"Vimeharibika."

"Vyote vimeharibika sawasawa?"

"Kiatu kizuri kirudi kufanya nini, mwanangu? Anayekwenda hospitali ni mgonjwa."

"Na vya Radi ambavyo havikurudi, viko wapi?"

"Miguuni mwa watu! Unataka viwe wapi?"

"Umejua—"

"Ah, ah! Leo mimi ndiye mwenye kreti. Nenda ukafanye mtihani wako."

Binti alikuwa amechelewa kweli. Akamwambia mlangoni asiamue kabla hajajua habari za vile ambavyo havikuja, na Bwana Soli akaona kwamba chuo nacho kina maneno yake ya kujaza siku.

Alasiri moja, mkewe anachambua maharage uani, akamweleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu anayesomea wenzake gazeti: kazi imepungua, mmoja lazima aondoke, ushahidi umeonyesha ni nani. Mwisho wa wiki atamwambia.

Mkewe aliendelea kutupa mawe pembeni. "Dada ndiye aliyekushonea viatu vya harusi yetu," alisema hatimaye. "Viko chini ya kitanda. Jumapili iliyopita ulivivaa."

"Hiyo ni hisia, Mama watoto."

"Mimi nimesema viatu. Hisia umeitaja wewe." Akasimama na ungo wake. "Utamwambia mwenyewe. Mimi simo."

Lakini ndugu ni ndugu. Kesho yake Shemeji alikuja kazini kama kawaida, akasalimia kama kawaida, akamaliza kiatu kilichokuwa mkononi. Kisha akafunga donge lake la nta ndani ya kitambaa, akakusanya sindano na ule uma wake wa kutobolea ngozi, akasema ana mafua, akaondoka. Hakuwa na mafua hata kidogo. Radi alisimamisha nyundo hewani. Spika ya ng'ambo ikasikika ikitaja bei.

"Bosi," alisema Radi, "mama kaenda wapi?"

"Ana mafua."

"Kwa kweli?"

"Fanya kazi, Radi."

Bwana Soli hakulala usingizi mzuri siku hizo. Si kwamba alikuwa na shaka, alijiambia hana. Aliogopa tu kusimama mbele ya Shemeji na kreti peke yake. Shemeji alikuwa na ulimi, na yeye alitaka kwenda na maneno ya kutosha. Basi akaamua kuongezea ushahidi wake nguvu: atapita kwa wateja wa Radi, wale ambao hawakurudi kamwe, awasikie wakimsifu kwa vinywa vyao, kisha ndipo aende.

Alianza kwa kinyozi, kwa kuwa alikuwa karibu.

"Vile viatu nilivyokuuzia, vyeusi, vipi?"

"Ah, vizuri sana, Bwana Soli! Vizuri mno." Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mtu.

Macho ya Bwana Soli, kwa mazoea, yalikuwa yameshashuka. Kinyozi alikuwa amevaa viatu vya boksi. "Viko wapi?"

Kinyozi alinyoosha shanuo kwa aibu kuelekea mlango wa nyuma. Kiatu cheusi kilikuwa kimesukumwa chini ya mlango kuuzuia usipigwe na upepo. Mwenzake hakuonekana. Bwana Soli akainama akakivuta. Soli iliachia kuanzia kidoleni mpaka katikati, na ndani yake mlikuwa na nywele za watu.

"Mbona hukunirudishia?"

"Nikurudishie nini? Gundi ikiachia imeachia. Halafu jirani yangu wewe, bwana. Nije mbele ya wateja wako na kiatu kimefungua mdomo? Nikaona aibu. Nikanunua vingine."

Mteja aliyekuwa ananyolewa akasema bila kugeuka, "Na mimi pia."

Kwa muuguzi wa zahanati aliambiwa viatu ni vizuri, ila amempa mdogo wake. Mdogo wake akasema ni vizuri, ila alivitupa. Fundi cherehani alimkaribisha kiti na kumwambia hana malalamiko yoyote, na kweli hakuwa nayo. Katika kimoja alikuwa ameotesha kitunguu, na kitunguu kilikuwa kinaendelea vyema. Kila mahali alipokelewa kwa heshima, na kila mahali alisifiwa, na hakuna mguu hata mmoja aliokuta ndani ya kiatu cha Radi. Wote walikuwa wamenyamaza kwa adabu, kwa sababu ni jirani, kwa sababu ni mtu mzima, kwa sababu haifai. Na yeye ukimya wao aliuhesabu kuwa ni sifa.

Watu wa siku hizi hawana tena adabu ya namna hiyo. Wanakuanika hadharani kwa kosa la kifungo kimoja cha shati. Lakini adabu ile ilimponza Bwana Soli vibaya.

Alirudi karakana na gunia la viatu vilivyokufa. Hakusema na Radi. Alivuta kreti la Shemeji, akaketi chini kama mtoto, akaanza kuvigeuza kimoja kimoja, jambo ambalo fundi yeyote angelifanya siku ya kwanza na ambalo yeye, kwa kuipenda hesabu yake, hakulifanya. Hiki kisigino kimelika. Hiki soli imekwisha kwa barabara, imekuwa nyembamba kama karatasi. Hiki kinahitaji soli mpya. Alitafuta mshono uliokatika. Akatafuta tena, akakisogeza kiatu kwenye mwanga wa dirisha. Mshono haukuwa umekatika popote. Soli ilikuwa imekwisha, uzi upo.

Akiwa hapo sakafuni akaingia mlinzi wa benki, mtu mrefu, kufuata kiatu chake.

"Bado, fundi?"

"Bado. Hivi, ndugu yangu, kwa nini hununui vipya tu? Hapo ng'ambo vimejaa tele."

Mlinzi alimtazama kama aliyetukanwa. "Hivi vilikuwa vya baba yangu. Hapa hapa kwenu vimebadilishwa soli sijui mara ngapi. Ninunue vipya kwani hivi vimefanya nini?" Kisha akaangalia meza ya dirishani. "Yule mama yuko wapi? Asije akaniharibia mtu mwingine."

Bwana Soli akaelewa, na aibu ikampanda kuanzia shingoni. Kiatu kizuri ndicho kinachorudi. Kibovu hakina cha kurudia. Alikuwa anakaribia kumfukuza mtu kwa kosa la kupendwa.

Hakungoja mwisho wa wiki. Alibeba gunia lake, akaenda nyumbani kwa Shemeji, chumba chenye baraza ndogo nyuma ya kituo cha mafuta. Alimkuta anapepeta mchele.

"Hodi."

"Karibu, Shemeji. Kreti likishashiba ndipo unakuja?"

"Mafua yanaendeleaje?"

"Yamehamia kwako, nakuona huna sauti. Keti."

Akaketi. Akamwaga viatu vya gunia barazani, na kile chenye kitunguu kikaanguka na udongo wake. Akaeleza yote, safari hii bila mpangilio, akirudi nyuma na kuruka mbele, na hakuacha kitu, hata kinyozi na nywele zake. Shemeji alisikiliza huku anapepeta. Makapi yaliruka yakamwangukia Bwana Soli magotini, naye hakuyapangusa.

"Kwa hiyo," alisema Shemeji, "wewe uliniweka kwenye kreti, ukanipima kwa jicho moja."

"Ndiyo."

"Na kama wale watu wangekudanganya mpaka mwisho? Kama kinyozi angekificha kile kiatu?"

"Ungekuwa umeondoka."

"Hapo umesema kweli." Akaweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ufa. "Mimi sina kazi nyingine ninayoijua, Shemeji. Ungeniua kwa hesabu, halafu ungekuja msibani umevaa viatu vyangu."

Bwana Soli aliinamisha kichwa. Macho yakaenda kulekule yalikozoea. Miguuni mwake mlikuwa na viatu vya harusi. Shemeji naye akaviona, na japo alijaribu kujizuia, kicheko kilimtoka puani.

"Rudi kazini," alisema Bwana Soli. "Nakuomba. Radi nitamwambia leo."

"Utamwambia nini Radi?"

"Ushahidi umeonyesha—"

"Ushahidi umeonyesha gundi! Nani alimpa Radi gundi? Nani alimwambia harakisha, harakisha? Mimi nimekaa naye miaka yote hiyo, mikono yake ni mizuri. Sasa unataka kumtia yeye kwenye kreti." Akaokota kiatu kimoja, akaukunjua mdomo wake, akapitisha kidole gumba pembeni ya ngozi. "Tazama alivyoikunja hapa. Asiyejua hawezi kukunja hivi. Nitarudi akiketi kwenye meza yangu, ashone. Bila hivyo, mimi nina mafua."

"Lakini viatu vipya havinunuliwi tena. Hakuna kazi ya watu wawili."

"Umejaza kreti zima mpaka linamwagika, halafu unaniambia hakuna kazi?"

Na hilo nalo lilikuwa kweli, lilikuwa chini ya dirisha siku zote.

Hivyo karakana ikaacha kutengeneza viatu vipya. Bwana Soli aliomboleza jambo hilo kuliko alivyoonyesha, maana kukata ngozi mpya ndiyo ilikuwa raha yake, na ushahidi haukumwuliza raha yake ni ipi. Wakawa watu wa kufufua. Radi alihamisha kigoda chake mpaka dirishani, akajifunza sindano mbili, akajidunga, akatukanwa, akatulia. Viatu vya watu vilirudi, na vilivyorudi vikashonwa. Binti alipofaulu mtihani wake, baba yake alimpa zawadi ya viatu, na binti hakuuliza kitu, alivivaa tu.

Baadaye magoti ya Bwana Soli yalikataa ngazi ya mlangoni, akawaachia wale wawili chumba, akabaki nyumbani kumsumbua mkewe. Safu ile yote ya vyumba sasa imevunjwa, pamesimama jengo la vioo linalouza simu, na ukiuliza hapo habari za fundi wa viatu watakuonyesha pipa la taka. Lakini mara ya mwisho alipowaona, vyumba vilikuwa bado vimesimama. Binti alikuwa anampeleka zahanati, magari yakafunga njia, wakasimama ng'ambo ya barabara, sawa kabisa na dirisha. Macho ya Shemeji yalikuwa yamepungua nguvu. Radi alikuwa anamtungia uzi sindanoni, moja, kisha ya pili, anamwekea vidoleni, na yeye anashona bila kutazama, akiufuata mshono kwa kidole gumba. Maneno hayakusikika kupitia kioo, ila kwa jinsi mdomo wake ulivyokwenda ilikuwa wazi anamtukana mtu, na kwa jinsi mabega ya Radi yalivyotikisika ilikuwa wazi ni nani.

"Tushuke, Baba?"

"Waache. Nikiingia atasimama kunitafutia kiti."

Aliinua mkono hata hivyo. Hawakumwona. Vichwa vyao viwili vilikuwa vimeinamia kiatu kimoja, na alivitazama mpaka gari la nyuma lilipopiga honi na binti akaondoa gari.